Tuipime hewa ya Kange kabla malori hayajazidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Kange hapa Tanga, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu iendayo Segera.

Mwaka 2025 nilikwenda London kumhudumia binti yangu aliyejifungua. Anakaa Greenwich, karibu na Blackwall, handaki la magari lipitalo chini ya Mto Thames. Ni la zamani: njia ya kwanza ilifunguliwa 1897, ya pili 1967. Aprili 7 mwaka huo 2025 likafunguliwa jingine jirani yake, Silvertown, urefu wa kilomita 1.4. Lilijengwa kwa mabishano makubwa. Wenye mradi walisema foleni itapungua na moshi utapungua nayo. Wakazi walihofia malori ya kimo kirefu yasiyoweza kupita Blackwall yatahamia mlangoni kwao.

Siku moja namtembeza mjukuu katika kigari chake, nikaona kitu kimefungwa kwenye nguzo ya taa, juu kidogo ya kichwa changu. Kilikuwa kijirija cha plastiki, urefu kama kidole, mdomo wazi ukitazama chini. Kuanzia hapo nikawa naviona njia nzima. Nikamuuliza mkwe wangu. Akaniambia, "Mama, kile kinapima hewa."

Upande wa juu wa mrija umezibwa, na ndani yake kuna wavu mdogo uliopakwa dawa inayonasa naitrojeni dayoksaidi, gesi itokayo kwenye injini, hasa za dizeli. Mrija hukaa pale kama mwezi mmoja, kisha hufunikwa na kupelekwa maabara, na mwingine huwekwa mahali pale pale. Hautumii umeme wala betri. Chembe laini za moshi na vumbi zinataka mitambo ya gharama zaidi, nayo wanayo.

Ndani ya handaki moshi hauna pa kwenda. Magari yenyewe yanausukuma kuelekea mdomo wa kutokea, mafeni yanasaidia, na mwingine hutupwa juu kwa bomba refu. Kwa hiyo anayekaa karibu na mdomo ana haki ya kujua anavuta nini. Kilichonigusa zaidi ni kwamba walianza kupima kabla handaki halijafunguliwa. Leo mkazi na mwenye mradi wakibishana, kila mmoja anaweza kushika namba za kabla na za baada.

Mtu ataniambia Tanga haina handaki. Kweli, haina. Lakini tazama bandari yetu. Zamani meli zilitia nanga nje, shehena ikaletwa gatini kwa matishari. Sasa kina kimechimbwa hadi mita 13 na gati lina urefu wa mita 450. Nimelifurahia jambo hilo kwa moyo wote, maana vijana wa mtaani kwangu wamepata kazi. Mzigo ukishashuka, lakini, unapanda lori, na lori linapita Kange. Ongeza malori ya saruji na mabasi ya mikoani. Jioni malori yanaegeshwa pembeni huku injini zikiunguruma saa nzima. Kanga niliyoianika asubuhi naianua ina weusi kwenye mikunjo. Wanafunzi wanapita hapo hapo kwa baiskeli, pua zao zikilingana na bomba la moshi. Kule Silvertown baiskeli haziruhusiwi kabisa kuingia handakini, basi maalumu linawavusha waendeshaji pamoja na baiskeli zao.

Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeandika neno "pumu" kwenye kadi za watoto. Mama ananiuliza, "Dada, imetokana na nini?" Namwambia vumbi, baridi, labda ya kurithi. Sikuwa nadanganya, ila sikuwa na kitu cha kushika mkononi. London nilisimuliwa habari za Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa Lewisham, wilaya inayopakana na Greenwich. Aliishi karibu na barabara yenye magari mengi, akafariki kwa pumu mwaka 2013 akiwa na miaka tisa. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, jambo ambalo halikuwahi kutamkwa Uingereza kabla ya hapo. Liliwezekana kwa sababu palikuwa na kituo cha kupimia hewa jirani na kwao, na namba zake zilikuwa zimehifadhiwa. Nilipoelezwa hivyo nililia, nikiwakumbuka watoto wangu wa zahanati.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na zipo kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. Shirika la Afya Duniani nalo lilikaza kamba mwaka 2021: kikomo cha wastani wa mwaka wa naitrojeni dayoksaidi, kilichokuwa mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo, kikashushwa hadi 10. Kwa barabara yetu ya Kange sijaona namba hata moja imebandikwa mahali ambapo mkazi anaweza kuisoma.

Ninaomba halmashauri ya jiji na wanaosimamia barabara waanze kupima sasa. Na wasije kwa wiki moja wakaondoka na ripoti. Sisi watu wa pwani tunajua upepo. Wakati wa kusi moshi wa barabara unaelekea upande mmoja, kaskazi ikiingia unawageukia wengine. Anayepima Juni peke yake atawaambia watu wa upande mmoja kwamba wako salama, na Januari wakohoe. Upimaji uchukue mwaka mzima, pande zote mbili za barabara, mrija mmoja ukingoni kabisa na mwingine hatua mia mbili ndani ya mtaa, ili tuone moshi unafika wapi. Shuleni uwekwe pia, usawa wa kichwa cha mtoto kadiri inavyowezekana bila kuchezewa. Matokeo yabandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili.

Mbele ya nyumba yangu ipo nguzo ya umeme. Wenye nguzo wakiruhusu, mrija wa kwanza ufungwe hapo. Nimeshika mirija ya maabara maisha yangu yote. Nifundishwe siku moja tu, nitaubadilisha kila mwezi bila kudai malipo, na tarehe nitaziandika mwenyewe.

Muuguzi mstaafu,
Kange, Tanga