Barua kwa wapiga besi vijana: noti yako inaishia wapi?

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaobeba gitaa la besi, wasichana kwa wavulana. Kila tunapokutana mnaniuliza mambo mawili: mnunue gitaa gani, na muziki usikilizwe kwenye nini, santuri, sidii au simu. Nimekuwa nawajibu kwa mkato kwa sababu huwa tumesimama mlangoni, vyombo vimetuning'inia mabegani. Leo nimekaa kitako, nawajibu kwa urefu.

Nianze na siku moja ya ujana wangu. Niliporekodiwa kwa mara ya kwanza niliamini nimepiga vizuri. Sikukosea noti hata moja, na kila noti ilianza pale ilipotakiwa. Tulipokaa kusikiliza, wimbo ulikuwa unajikokota kama mtu anayevuka matope. Mpiga drams wetu, mtu mzima aliyenizidi miaka mingi, akasema, "Kijana, kuanza noti unajua. Kuimaliza hujui." Alisema kweli. Kila noti yangu ilijiburuta mpaka ikakutana na ya pili yake. Haikuiachia ngoma ya mguu nafasi ya kupumua, na snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ilipopigwa ilinikuta bado nanguruma. Tangu siku ile, nikimsikiliza mpiga besi yeyote, sikio langu huenda kwanza kwenye mwisho wa noti. Anaikata wapi? Kwa mkono upi? Ameikata kwa kukusudia au imemponyoka? Majibu yangu yote ya leo yanatoka kwenye maswali hayo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nami ndiko ninakovutia.

Tuanze na gitaa lenyewe. Besi ya umeme tunayoifahamu leo, kwa sehemu kubwa, ni ile aliyoitoa Leo Fender kule California mwaka 1951. Akaiita Precision, kwa kuwa freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, zilimhakikishia mpigaji noti sahihi bila kubahatisha, tofauti na besi kubwa ya kusimama ambayo shingo yake haina freti. Urefu wa uzi wake, inchi 34, yaani karibu sentimita 86, ndio uliomo kwenye magitaa mengi ya besi mpaka sasa. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi upande wa kichwani na pikapu mbili, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Ukipata gitaa lolote lililofuata ramani ya mojawapo ya hizo mbili, na shingo yake ni nzima, umekwisha kupata chombo. Jina lililoandikwa kichwani lisiwanyime usingizi.

Sasa mtazameni James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit katika miaka ya 1960. Alikuwa na Precision ya mwaka 1962, nyuzi nene za bapa, zile zilizozungushiwa utepe laini wa chuma, ambazo hakupenda kuzibadilisha, na alidonoa kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Watu wamekisimulia mno kidole hicho. Mimi nawaomba mtazame kitu kingine: chini ya kifuniko cha daraja la gitaa lake, pale nyuzi zinapokalia mwilini, kulikuwa na kipande cha sifongo kilichozigusa nyuzi. Kazi ya sifongo ni kuzima mlio mapema. Noti inagonga, inanenepa, inakufa, na kabla ya noti inayofuata panabaki upenyo. Drams zinacheza ndani ya upenyo huo. Jamerson alipenda noti nyingi, tena zenye kuyumbayumba katikati ya mapigo, lakini hazikugongana kwa sababu kila moja ilijua kuondoka.

Jaco Pastorius alikwenda njia nyingine kabisa. Jazz Bass yake haikuwa na freti, ubao wa vidole ulipakwa epoksi, aina ya gundi ngumu, ukawa mgumu kama kioo, na nyuzi zake zilikuwa za mviringo, zile zenye mng'ao. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1976, ina noti zinazoimba muda mrefu kama sauti ya mtu. Huyu hakutegemea sifongo, alitegemea mikono. Ile mikimbio yake ya noti fupifupi ingekuwa kelele tupu kama vidole visingekuwa vinazima nyuzi kila wakati. Watu wawili, vyombo viwili visivyofanana, na bado ukiwasikiliza kwa makini unagundua kwamba wote wanatawala kitu kilekile.

Mkitaka kuliona umbo la noti waziwazi, tafuteni "You Can Call Me Al" ya Paul Simon, ya mwaka 1986, mahali ambapo Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini anatimka peke yake kwenye besi isiyo na freti. Nusu ya kwanza aliipiga. Nusu ya pili ni ileile, imegeuzwa na kuchezwa kinyumenyume. Kwenye nusu ya kwanza noti zinaanza kwa kishindo kisha zinafifia. Kwenye ya pili zinaanza na ule ufifiaji, zinakua, halafu zinakatika ghafla. Isikilizeni mara kumi. Mimi nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado inanifundisha.

Kwa hiyo fedha yenu iende wapi? Gitaa moja, kisha fundi mzuri. Besi ya kawaida iliyonyooshwa shingo, ikapangwa kimo cha nyuzi na kurekebishwa daraja, inaishinda besi ya ghali ambayo haijawahi kuguswa na fundi. Baada ya hapo nyuzi. Jaribuni za bapa angalau mara moja maishani. Hazina mng'ao mwingi, lakini mkwaruzo wa vidole unapungua na noti inabaki na mwili. Kama hamna uwezo wa kununua nyuzi nyingine, chukueni kipande cha sifongo, mkipenyeze chini ya nyuzi karibu na daraja, mpige hivyo mwezi mzima. Mkikitoa mtasikia jinsi mlivyokuwa mnaacha noti zikizurura.

Gitaa lenye betri ya volti 9 ndani halina ubaya, ila kumbukeni kuchomoa waya mnapolitua. Kwenye magitaa mengi ya aina hiyo, waya ukiwa umechomekwa betri inaendelea kuliwa hata kama hampigi. Gitaa la nyuzi tano nunueni mkiwa na sababu. Uzi wake wa ziada, wa noti ya B ya chini, hutetemeka mara 31 kwa sekunde, na spika nyingi zinashindwa kuutoa kwa heshima, mkabaki na mtikisiko usio na jina. Kuhusu mbao, mabishano ni makubwa kuliko tofauti mtakayoisikia bendi ikiwa imechangamka, nami nayapita.

Katika pedali, vile vifaa vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, moja tu nitaisema, kompresa. Inashusha vilele vya sauti na kuiinua mikia ya noti. Kwa mtu ambaye mikono yake imekwisha komaa ni msaada. Kwa mwanafunzi inaficha ugonjwa, kwa sababu ule mkia anaopaswa kuujua ndio unaopakwa rangi. Iacheni miaka miwili.

Ampu, yaani vikuza sauti, zimebadilika sana. Ampeg SVT ya mwaka 1969 ilikuwa na wati 300 za valvu na kabati la spika 8 za inchi 10, mzigo wa kubebwa na wanaume wawili wakigombana na ngazi. Leo mtu anatia nguvu kama hizo kwenye begi dogo. Furahini, migongo yenu itawashukuru. Lakini hakuna ampu inayoshinda chumba. Wimbi la noti ya E ya chini, ya uzi mnene kuliko yote kwenye besi ya nyuzi nne, lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo mkiweka spika kwenye kona, kuta zinalirudisha na kulikuza mpaka noti haikomi hata mkizima uzi. Isogezeni mbali na kona. Iinueni juu ya kiti ielekee masikio yenu badala ya visigino. Kisha, kabla ya kuongeza sauti, punguzeni sauti ya chini na muongeze ya kati. Mtashangaa wenzenu wakisema, "Leo nakusikia."

Sasa la santuri, sidii na simu, ambalo najua ndilo linalowagombanisha.

Santuri naipenda. Upande mmoja una dakika kama 20, unakaa, unasikiliza, unanyanyuka kuigeuza. Lakini msiniambie ndiyo inayoibeba besi kwa ukweli zaidi. Sauti ya chini inaifanya sindano ichonge mfereji mpana, unaomeza nafasi na kuweza kuirusha sindano wakati wa kucheza. Kwa hiyo besi hupunguzwa wakati wa kuchonga, na kifaa cha kuchezea huirudisha kwa kipimo kilekile. Kampuni za Marekani zilikubaliana kanuni hiyo mwaka 1954. Pia huwekwa katikati, isielemee kushoto wala kulia. Ule utamu mnaousifu ni kazi ya mafundi waliopigana na mipaka ya plastiki, na wanastahili heshima hiyo. Ila kama nataka kujua mpiga besi alikata noti wapi hasa, naweka sidii. Tangu ilipotoka mwaka 1982 inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, haina mfereji wa kuogopa wala mngurumo wa injini ya mashine ya santuri chini ya noti.

Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ilikuwa na mvumo na utepe wake ulivutika. Hata hivyo ndiyo iliyonifundisha kazi, kwa kuwa ilinilazimisha kurudisha nyuma sentensi moja ya besi mara thelathini mpaka niishike. Na kulikuwa na ujanja: mashine ya tepu ukiiongezea kasi mara mbili, besi inapanda oktavu nzima, yaani noti ileile lakini mtetemo maradufu, na kutoka gizani, kila noti ikasikika kama gitaa. Wenye santuri waliicheza ile ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45. Siku hizi kuna programu za simu zinazopandisha oktavu bila kubadilisha mwendo. Kwa jambo hili mmebahatika kuliko sisi. Zitumieni.

Faili zilizobanwa za mtandaoni sizichukii. Zikibanwa kupita kiasi, masikio yangu huona madhara kwenye matoazi kwanza, mnakuwa na mchanga juu ya wimbo, huku besi ikibaki karibu salama. Adui yenu ni spika ndogo. Na hapo kuna jambo ambalo kila ninapolifikiria linanistaajabisha. Uzi wa E ukiwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu hakina ukubwa wa kusukuma hewa kwa mtetemo huo. Lakini mtu anasikiliza wimbo kwenye simu na besi anaitambua! Sababu ni kwamba uzi hautoi mtetemo mmoja. Juu ya ule wa 41 kuna wa 82, wa 124, wa 165, na kuendelea. Ubongo ukiipata familia hiyo ya juu, unaujua mzazi wao na kumsikia ingawa hayupo. Maana yake kwenu ni kwamba, mkifunga kabisa kitufe cha toni na kubakiza uvumi wa chini peke yake, kwenye simu mnafutika, kwa kuwa hamjauachia ubongo kitu cha kuujengea noti. Acheni sauti ya kati iishi.

Kwa kujifunza, tumieni hedifoni zenye waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo. Kwa kusikiliza tu hakuna neno, ila mkipitishia gitaa lenu humo mtajikuta mnaharakisha au mnachelewa bila kujua kwa nini.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Sikio la binadamu husikia besi hafifu sauti ikiwa ndogo, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilipima na kulichapisha mwaka 1933. Ndiyo sababu wapiga besi hupandisha sauti, tena na tena, wakiitafuta. Kipimo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 mna dakika 15. Mazoezi yenu ya bendi ni saa ngapi? Mimi nilisimama miaka mingi upande wa hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, kwa sababu hapo ndipo mpiga besi anapouona mguu na mkono wa mpiga drams vizuri. Sikio langu la kulia sasa lina mlio mwembamba usiokoma, mchana na usiku. Noti moja tu maishani mwangu siwezi kuikata, nayo ndiyo hiyo. Vaeni vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuifunika, na mvivae kuanzia zoezi lenu lijalo.

Mkiwa na rekodi zenu, nileteeni. Leteni ghafi, kabla mtu hajazipamba. Nitazisikiliza kwanza kwa simu, kisha kwa hedifoni, kwa sikio la kushoto, na nitawaandikia kila mmoja peke yake noti zake zinaishia wapi.

Mzee wenu wa besi