Mapigo ya mazoezini nayo yaandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wapenzi wa ngumi hapa Moshi tumelifumbia macho, nalo ni madhara ya kupigwa kichwani mara kwa mara.

Tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza hali ya mabondia walioyumba na kuchanganyikiwa kwa sababu ya makonde ya miaka mingi. Mwaka 2002, daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50, akakuta protini iitwayo tau imerundikana humo, alama ya ugonjwa wa ubongo uitwao CTE, unaotokana na kupigwa kichwani mara kwa mara. Kinachonitia hofu ni kwamba si lazima mtu awe amewahi kuzimia. Mapigo madogo madogo yanayojirudia nayo yanahusishwa na ugonjwa huo, ambao mpaka leo huthibitishwa baada ya kifo tu.

Sasa tazama mazoezi yetu. Kijana akipigwa konde la taya, magoti yakalegea, humwagiwa maji kichwani, huoneshwa vidole aseme ni vingapi, na akipatia hurudishwa ulingoni jioni hiyohiyo. Pigo hilo haliandikwi popote, kwa hiyo daktari anayempima kabla ya pambano hana namna ya kulijua. Miaka ikipita, bondia huyo akianza kusahau na kufoka ovyo nyumbani, majirani husema ni pombe au karogwa, na mkewe anabaki na mzigo peke yake.

Hospitali ya KCMC imekuwa ikitunza kumbukumbu za majeruhi wa kichwa kwa ajili ya utafiti, wengi wao wakiwa wa ajali za barabarani, na wilayani Hai wazee wamewahi kufanyiwa utafiti wa ugonjwa wa kusahau. Utaalamu basi tunao jirani. Nawaomba watafiti hao wawafuate pia mabondia waliotundika glovu, na kliniki iwapokee pamoja na familia zao.

Kwa wasimamizi wa ngumi, ombi langu ni daftari la afya kwa kila bondia, linalojazwa mazoezini na si siku ya pambano pekee, pamoja na mapumziko ya lazima kwa aliyelegezwa na konde, ambayo kocha hana mamlaka ya kuyafupisha.

Mzazi wa bondia,
Majengo, Moshi