Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: sauti yetu uwanjani

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha mashabiki wa mpira, salamu nyingi na mniwie radhi kwa kuchelewa, taarifa hii ilitakiwa iwafikie kabla ya Krismasi lakini kila nikikaa niiandike kunazuka jambo lingine. Mambo ya pesa mweka hazina atayasoma mwenyewe kwenye mkutano. Kadi mpya ziko kwa katibu, na zile ngoma mbili zilizopasuka zimewambwa upya zinalia vizuri sana. Hayo yaishie hapo, maanake kuna jambo moja limetusumbua tangu Machi na nataka tuliongee kama familia, nalo ni siasa kwenye majukwaa, yaani nani anaruhusiwa kusema kitu ndani ya uwanja na nani anaambiwa afunge mdomo.

Mnakumbuka Machi 23 pale uwanja wa Nyayo, Nairobi, Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya Kenya, na Gabon, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Aubameyang akatupiga mawili, Olunga akarudisha moja, ikaisha 2-1 tukatoka vichwa chini. Lakini ukimuuliza mtu leo kuhusu ile mechi hakuambii habari ya bao la Olunga, anakuambia vile watu walivyoimba "Ruto must go", yaani Rais Ruto aondoke. Wiki ile simu yangu haikupoa, huyu ananipongeza utadhani mimi ndio niliwatuma waimbe, yule ananitukana eti tumeuharibu mpira. Sasa nisikieni, mimi sikumwambia mtu aimbe na sikumwambia mtu anyamaze. Nilikuwa nimekaa upande wa jukwaa tunaouita Russia kama siku zote, na waliokuwa wanaimba karibu yangu nawajua kwa sura, wengine wamekua mbele ya macho yetu tangu wakiletwa na baba zao. Ni vijana waliokuwa barabarani Juni 2024 kupinga mswada wa fedha, wamezika wenzao, kazi hawana, na wakiandamana wanakutana na vitoa machozi. Uwanjani ndiko wanakokaa maelfu pamoja kwa saa mbili, tiketi wamelipa, na mtu akianzisha wimbo mwingine anaupokea. Mlitaka wakaseme wapi?

Halafu kuna hii ya geti. Kwenye mechi moja mwaka huu, uwanja sitautaja, dada mmoja wa kwetu alikuja na tisheti nyeusi ina maandishi meupe kifuani, majina tu ya watu waliouawa kwenye maandamano, hakuna tusi, hakuna jina la mwanasiasa yeyote. Baunsa akamwambia hiyo haingii. Dada akauliza sheria gani, baunsa akasema yeye ameambiwa tu. Nyuma foleni inasukuma, mechi inaanza, watu wanapiga kelele, na huyu dada akaambiwa aivue pale pale au arudi nyumbani. Mwishowe akina mama wawili wakamzungushia leso, akaigeuza nje ndani akaivaa hivyo hivyo, mishono iko nje, lebo ya shingoni inaning'inia chini ya kidevu, na yale maandishi kwa sababu kitambaa ni chepesi ukimwangalia karibu unayaona yamegeuka kinyumenyume. Alikaa mbele yangu kipindi chote cha kwanza na hakupiga makofi hata mara moja. Mimi nilikuwa hapo getini nikashindwa la kufanya, nilijua moyoni anaonewa lakini sikuwa na neno la kumwambia yule baunsa, na hilo limeniuma mpaka leo. Ndio maana nikaenda kusoma.

Kanuni za nidhamu za FIFA zinasema klabu au shirikisho linaweza kuadhibiwa mashabiki wake wakitumia maneno, ishara au vitu kupeleka ujumbe usiofaa kwenye michezo, hasa wa kisiasa, wa kiitikadi, wa kidini au wa matusi. Angalieni vizuri anayelipa faini, sio aliyeimba, ni timu. Ndio maana viongozi wa timu wanaogopa na mimi siwalaumu sana, timu zetu nyingi hazina hata mishahara ya mwezi. Lakini katiba yetu ya 2010, ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na mipaka imeandikwa hapo hapo: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki. Kuorodhesha majina ya marehemu haimo. Kumwambia kiongozi aende nyumbani haimo pia. Kanuni ya mpira ni kama sheria za nyumba ya mtu, ukiingia unaziheshimu, sawa, lakini anayesimama mlangoni lazima azijue na aweze kukuonyesha, sio kusema ameambiwa tu.

Na kinachonikera zaidi ni hiki. Kila mwaka tunaona mheshimiwa anashuka uwanjani na msafara, anasalimia wachezaji mmoja mmoja, mechi inasubiri, anapewa maikrofoni, anaahidi pesa. Kwenye CHAN mwezi wa Agosti, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Rais mwenyewe aliahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa kila ushindi, na vijana walistahili kila senti, waliifunga DR Congo, wakaifunga Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, wakaifunga Zambia, mpaka Madagascar wakatutoa kwa penalti kwenye robo fainali. Sikatai pesa ya wachezaji hata kidogo. Ninachosema ni kwamba hiyo nayo ni siasa. Kiongozi akifurahia timu mbele ya kamera mwaka mmoja na kitu kabla ya kampeni ni siasa, na shabiki akiimba wimbo wa kumpinga ni siasa, zote mbili ziko kwenye nyasi zile zile, basi haiwezekani moja iitwe uzalendo na nyingine iitwe uhuni.

Tena kwenye CHAN hiyo hiyo wengine wanasema tulipunguziwa mashabiki kwa sababu ya nyimbo. Hapana jamani. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitushusha mpaka watu 27,000 pale uwanja wa Kasarani kwenye mechi ya Zambia kwa sababu watu wasio na tiketi walivunja mageti wakaingia kwa nguvu. Hilo ni kosa letu sisi mashabiki na tulibebe. Niliona mzee wa miaka sabini hivi ana tiketi yake mkononi amebanwa kwenye chuma, anainua ile tiketi juu kama bendera na hakuna anayemwona. Mwanachama yeyote wa chama hiki aliyepita bila tiketi siku zile ajue hakutetea haki ya mtu.

Sasa kuna jambo la ndani ambalo baadhi yenu mmelisikia nusu nusu. Kabla ya safari moja mwaka huu tulifuatwa na msaidizi wa mwanasiasa mmoja. Akasema bosi atatoa basi mbili na chakula na tisheti za kila mtu, sharti tukae pamoja upande unaoonekana kwenye televisheni na dakika ya thelathini tuinue bango lao. Na nataka muelewe huyu alikuwa wa upande unaopinga serikali, sio wa serikali, na wengi wetu kwenye kamati tunakubaliana na maneno yaliyokuwa kwenye lile bango. Tulibishana karibu saa tatu. Mwishowe tukapiga kura tukakataa, kura zikipishana kwa moja. Tulisafiri kwa matatu, wengine wamesimama, na nilitukanwa njia nzima. Mimi bado naona tulifanya sawa. Kijana akianzisha wimbo kutoka tumboni mwake nitamtetea mpaka kituo cha polisi, lakini jukwaa likishakodishwa mara moja, siku tutakapolia kwa uchungu wetu wenyewe kila mtu atauliza safari hii nani amelipa basi.

Mashabiki wa nchi hii hawajaanza siasa jana. AFC Leopards ilizaliwa 1964 ikiitwa Abaluhya, Gor Mahia ikaja 1968, na serikali ilipoamuru majina ya kikabila yafutwe mnamo 1980, Abaluhya ikageuka All Footballers Confederation ili zile herufi AFC zibaki. Wazee wetu walinyimwa jina na hawakuiacha timu. Na kwingine ni hivyo hivyo. Algeria nyimbo za mashabiki wa USM Alger zilitoka uwanjani zikaingia barabarani 2019, na Aprili ya mwaka huo Rais Bouteflika akajiuzulu. Celtic kule Scotland mashabiki walipoinua bendera za Palestina 2016 wakicheza na timu ya Israel, UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, ikaanza hatua za faini, na wale mashabiki wakachanga zaidi ya pauni 170,000 wakapeleka kwa misaada ya Wapalestina. Hii ya Celtic naipenda sana, maanake walijua timu itaumia na hawakukaa kimya, wakatoa mifukoni.

Lakini pia niseme hili wazi. Tusi la kabila sio siasa. Kwenye mechi mbili mwaka huu kuna wimbo ulianzishwa nyuma yetu, wa kutukana jamii fulani na mama zao, na baadhi yetu waliupokea. Nilisimama nikazuia ngoma na nitafanya hivyo tena. Kuna sheria ya 2008 ya utangamano inayokataza matamshi ya chuki, na hata isingekuwepo, kwenye jukwaa letu wanakaa watu wa kila jamii na watoto wao.

Oktoba 16 sitaisema sana. Wengi wenu mlikuwa Kasarani siku mwili wa Raila Odinga ulipoletwa, mlienda kumlilia Baba, mlezi wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, na risasi zikapigwa na watu wakafa ndani ya uwanja tunaoenda kushangilia. Mimi tangu siku hiyo nikipita lile geti natembea polepole. Tusimame kidogo kwa ajili yao tutakapokutana.

Mbele yetu kuna AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, wenyeji ni sisi na Tanzania na Uganda, na mwaka huo huo Agosti tuna uchaguzi mkuu. Kila mtu mwenye bango atalitaka jukwaa letu. Kamati imekubaliana mambo machache tunayoleta kwenu mkayapitishe au mkayakatae: tusipokee basi, tiketi wala tisheti za mwanasiasa wa upande wowote, tuwe na mfuko mdogo wa kusaidia mwanachama akishikwa kwa kuimba, na kila mechi tuwe na watu wawili wenye nakala ya kanuni mkononi, wasimame getini mpaka mwanachama wetu wa mwisho aingie, hata kama ni kukosa dakika ishirini za kwanza. Mmoja wa hao wawili mechi ya kwanza nitakuwa mimi. Yule dada wa tisheti amesema atakuwa wa pili, ila mechi zinazofuata bado hazina watu, kwa hivyo anayeweza amwambie katibu kabla ya mkutano.