Taarifa kwa wanakikundi: barabara, daladala na njia ya waenda kwa miguu

Ndugu wanakikundi,

Habari za asubuhi. Kwa kuwa wengi mmeuliza kuhusu barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, naomba tuelewane kwamba barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita 112.3 na inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, lengo lake kubwa ni kuyaondoa malori ya masafa marefu katikati ya jiji. Hiyo ipo chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za mtaani zipo chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kwa hiyo barua yetu kuhusu mtaro iende huko.

Linalonisumbua zaidi ni njia ya waenda kwa miguu. Jana jioni nilitembea kutoka kituoni hadi kwenye kalavati nikakuta kokoto zimemwagwa juu ya njia, bodaboda zimeegeshwa pembeni, na wanafunzi wakishuka kwenye lami mmoja mmoja huku daladala zikiwapigia honi. Mzee mmoja mwenye baiskeli iliyobeba madumu manne ya maji alilazimika kushuka na kuisukuma. Kivuli nacho hakuna, na jua la Dodoma mnalijua.

Kuhusu daladala zinazokatisha ruti, malalamiko hupelekwa LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Andikeni namba ya gari, saa na kituo, kwani lawama za jumla hazifanyiwi kazi.

Jumamosi saa 2 asubuhi tukutane kwenye kalavati tupime upana wa njia. Mwenye futi kamba ndefu aje nayo, tafadhali.