Nani anashika usukani?

Binti yangu,

Picha uliyotuma Jumapili tumeiona. Mama yako aliikuza mpaka akaisoma medali yote, na tangu hapo kila anayeingia humu ndani anaonyeshwa. Mimi niliangalia saa yako ya mkononi: saa tatu na dakika kumi asubuhi, na chupa ya bia tayari imefika nusu. Halafu nikaona nyuma yako lile gari jeupe, mlango wazi, nikaanza kuhesabu mlioshika chupa. Wote mmeshika. Sasa nani aliwarudisha?

Ningekupigia, lakini najua ungesema "baba, sisi si watoto" na maongezi yakaishia hapo.

Hongera, mama. Kilomita 21 si mchezo kwa mtu anayekaa ofisini kutwa. Mimi umri wako nilicheza dakika 90, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nimeshika kiuno.

Unaniambia klabu yenu ni ya mbio, bia ni ya baadaye tu. Hiyo "baadaye" naijua vizuri, na si nyinyi mlioianza. Waingereza walioanzisha klabu ya mbio ya Hash House Harriers kule Kuala Lumpur mwaka 1938 walikuwa wakifukuzana vichakani na kumalizia kwenye bia, na wafuasi wao mpaka leo hujitania kwamba wao ni klabu ya walevi yenye tatizo la kukimbia. Watu wa raga nao wana kipindi cha tatu, kile kinachochezewa kaunta. Utani mzuri, hata mimi nacheka. Ila angalia mezani kwenu: anayeagiza soda lazima ajieleze, mara anatumia dawa, mara ana safari. Anayeagiza ya nne haulizwi kitu.

Basi tuhesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa mahesabu. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi. Ini la mtu linasafisha kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halijali kama asubuhi hiyo ulikimbia au ulilala. Chupa mbili ni kazi ya muda wa saa nne mpaka sita. Kahawa haipunguzi, kuoga hakupunguzi. Ukinywa saa tatu asubuhi na kuondoka saa tano, ini huenda halijamaliza hata ile ya kwanza. Na hapo umeishiwa maji, huna kitu tumboni, miguu inatetemeka. Nani anashika usukani?

Eti bia inarudisha nguvu. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa wanamichezo waliokunywa sana baada ya mazoezi: misuli yao ilijijenga pungufu kwa asilimia 24, hata walipopewa protini. Walikunywa nyingi, nakubali, si chupa moja, kwa hiyo usije ukasema baba anatia chumvi. Kama ni ladha unayoitaka, ipo isiyo na kilevi. Watafiti waliwahi kuwapa wakimbiaji wa marathoni ya Munich ya 2009, kwa wiki kadhaa kabla na baada, na waliokunywa hiyo waliugua mafua kidogo kuliko wenzao. Hiyo mnunulie na mwenzako wa soda, msiwe wapweke.

Najua unachofikiri: huyu naye wa kusema. Habari za kiti cha nyuma sizirudii, ulikuwepo. Ila juzi nilikuwa napanga stoo nikaukuta ule mfuko wa jezi, nikakumbuka kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukiubeba, na pesa ya kuzungusha nilikupa wewe uipeleke kaunta, na wenzangu wakakusifu kwa kuwa unajua kila mtu anakunywa nini. Nami nilijisikia fahari. Miaka tisa au kumi ulikuwa nayo, sijui. Mama yako anajua.

Mfuko nimeufua. Zipu imekufa, lakini unafaa kuwekea kamba.

Mambo mengine: bomba la jikoni linavuja tena, fundi amekuja mara mbili na kila akija anaondoka na kitu kipya cha kununua. Miwani ya mama yako imepatikana, alikuwa ameikalia. Viatu vyako vya zamani vya mbio anavivaa akimwagilia bustani, anasema vinamfanya aende haraka. Sijaona haraka hiyo.

Jumamosi mnasafiri na magari mawili, umesema. Watu tisa. Sitaki majina yao wala sitaki kujua nani anakunywa nini. Nataka mkae kabla hamjaondoka, mtaje wawili ambao hawatagusa chupa mpaka mfike nyumbani, na hao wawili wawe na funguo mfukoni wakati wengine mnakimbia. Kama na wao wanakimbia, mpeni funguo anayewashikia mabegi. Usiwe wewe kila mara kwa sababu ni mwanamke. Lakini ikibidi uwe wewe, uwe.

Na kama mpango wote ukiharibika, nipigie. Hata saa nane usiku. Gari nimelijaza mafuta jana, na siku hizi nalala na simu karibu na sikio. Ukifika hapa usigonge dirisha la mama yako, gonga langu.

Baba yako