Risala ya Kamati ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Amani

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wetu, walimu, wazazi wenzetu na wahitimu: karibuni Amani. Mgeni rasmi, tunajua kona ulizozipanda kutoka Muheza, na tunakushukuru kwa kutotuma mwakilishi.

Makazi yetu haya ya msituni yalianza mwaka 1902, Wajerumani walipoanzisha hapa Usambara Mashariki kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, akafuatiwa na Albrecht Zimmermann. Walipanda miti ya kutoka mabara mengi, mikwinini ikiwemo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya baharini, kwinini ya kutibu askari wao ilitengenezwa hapa hapa. Waingereza nao wakaendeleza kazi. Katika miaka ya 1930, mtaalamu H. H. Storey alikuwa hapa akitafuta mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato, na baadaye ukaja utafiti wa malaria. Mwaka 1997 msitu wetu ukawa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini.

Mgeni rasmi, shule yetu imepata mafanikio makubwa. Timu ya netiboli imeshika nafasi ya tatu katika kata. Tumepanda miche nyuma ya madarasa na karibu yote imeshika. Mwaka jana wanafunzi wawili walichaguliwa kwenda kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, na kijiji kizima kiliwasindikiza hadi stendi.

Mgeni rasmi, hao wawili walisoma kemia bila maabara, na hilo ndilo ombi letu.

Boma la maabara unaliona kulia kwako, nyuma ya turubai. Wazazi walichanga, wakasomba mawe kwa vichwa, akina mama wakabeba maji ya kukorogea zege, na kuta zikafika kwenye lenta. Zimesimama hapo hapo. Mvua za Amani hazina likizo, kwa hiyo tofali za juu zimeota kuvu na ndani kumemea mpera unaotuzidi kimo. Mbao tulizonunua kwa ajili ya kupaua zimeoza zikiwa zimefunikwa kwa majani ya migomba.

Masomo ya vitendo yanafanyika kwenye darasa la kidato cha pili, wao wakihamia chini ya mti. Bureti, ule mrija wa kupimia kemikali, ni moja, imefungwa plasta pale ilipopasuka. Wanafunzi wanaipokezana, na wa mwisho kwenye foleni husikia kengele kabla hajaishika. Kisha huyo huyo anakwenda kwenye mtihani wa taifa kuulizwa rangi ilibadilika lini.

Tunasema kwa heshima kubwa, mgeni rasmi: ombi hili si jipya. Mgeni wetu wa mahafali yaliyopita alisimama hapo uliposimama wewe, akaahidi bati zote, na wazazi wakampigia vigelegele. Aliyemtangulia aliahidi saruji na akapigwa picha akiwa ameshika koleo. Barua za kuwakumbusha tumeziandika na nakala zimo kwenye faili la mwalimu mkuu. Hatukuja kumsema mtu. Tunaeleza ili ujue kwa nini leo makofi yatakuwa machache ukitamka neno "nitaleta", na usidhani tumekosa adabu.

Tunaomba bati, mbao, misumari na fundi mmoja wa kupaua. Kusomba vitu kutoka barabarani, kuchimba, kupiga lipu, hayo tuachie sisi. Kama uwezo ni wa bati tu, lete bati tu. Kama haupo, tuambie leo hii mbele ya wazazi, tuanze kuchangishana upya kabla ya masika.

Orodha ya vifaa na bei za dukani Muheza tumeiambatisha. Katibu wa kamati atakukabidhi pamoja na kalamu, uweke alama kwenye kile utakachokiweza.

Mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.