Mama Yangu Si Mzigo wa Kuachwa Gatini

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni ya Utalii,
Ofisi Kuu, Dar es Salaam.

22 Septemba 2025

YAH: MAMA YANGU KUACHWA GATINI REGENSBURG, UJERUMANI, JUMAMOSI TAREHE 13 SEPTEMBA

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Masharti yenu mnayajua, mmeyaandika wenyewe, pamoja na ule ukurasa wa wazee na wagonjwa ambao mimi na mama tuliutia saini ofisini kwenu. Sina haja ya kuyanukuu. Nitaanza na saa nane mchana, maana kila nikifumba macho narudi palepale.

Tulikuwa gatini, chini kidogo ya Daraja la Mawe, tukingoja meli ya kwenda Walhalla, hekalu lililo juu ya kilima nje ya mji. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mama ana miaka 71 na goti lake la kushoto mnalijua, limo kwenye fomu yenu. Nikamwacha benchini mbele ya macho ya muongozaji wenu, nikaenda chooni. Niliporudi foleni yote ilikuwa imeshaingia melini. Nikauliza, "Mama yuko wapi?" Muongozaji akanijibu, macho yake yakiwa kwenye simu: "Dada, mama nimeshampandisha. Yuko sitaha ya juu, anapunga upepo." Nikaingia. Kamba zikafunguliwa. Nikapanda juu na shali lake mkononi. Juu palikuwa na Wajerumani wachache wamevaa makoti ya mvua, na mtoto anakula aiskrimu. Mama hayupo. Nikageuka nyuma ndipo nikamwona: yuko kwenye lile lile benchi, kajitanda kanga, kaweka mkono kwenye paji la uso, mithili ya kile kisanamu cha Bruckmandl kilichokaa juu ya daraja, na meli inazidi kwenda.

Nikashuka kumtafuta muongozaji. Maneno yake ni haya, na wenzetu tisa wa msafara waliyasikia: "Zile ngazi hataziweza, nimeona bora abaki. Ningekwambia ungekataa kuja, na tiketi yako imeshalipwa."

Ndugu Mkurugenzi, kipeperushi chenu kimeandika "ziara nyepesi, inafaa watu wa rika zote". Walhalla ni hekalu alilojengesha Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria kati ya 1830 na 1842, kwa mfano wa lile la Athens, juu ya kilima kinachoutazama mto Danube. Kutoka mtoni hadi mlangoni kuna ngazi 358 za mawe. Aliyeandika "nyepesi" alizihesabu? Au alitazama picha tu? Na kilima chenyewe kina barabara, magari yanaegesha karibu na juu. Gari moja la kukodi lingemfikisha mama yangu pale bila kukunja goti. Mngeniambia mapema ningelipia mwenyewe, au ningebaki naye mjini tukanywa kahawa yetu kwa raha. Ziara mmeiuza, ngazi mkazifunika.

Na msidhani mambo yaliharibika saa nane. Kipeperushi kinasema tutawasikia Domspatzen, ile kwaya ya wavulana wa kanisa kuu la Mtakatifu Petro ambayo historia yake inarudi hadi mwaka 975. Watoto wale huimba kwenye misa ya Jumapili asubuhi. Nyinyi mmetupeleka Jumamosi! Kanisa lenyewe, lenye minara ya mita 105, tulipewa dakika kumi na mbili. Nilizihesabu. Ukumbi wa bunge la zamani ndani ya Altes Rathaus, yaani jumba la kale la halmashauri ya mji, ambako wajumbe wa dola nzima ya Wajerumani walikaa kikao kisichokwisha toka 1663 mpaka 1806, hatukuingia kabisa. Pale huingii ila na kundi la kuongozwa kwa saa maalumu, na mtu wenu hakuwa ameweka nafasi. Alipoulizwa kuhusu daraja alisema lina "kama miaka mia tatu hivi". Daraja lilianza kujengwa 1135 na likakamilika 1146. Mimi ni mwalimu wa sekondari mstaafu, nilisoma usiku mmoja tu kabla ya safari nikajua. Yeye analipwa kwa hiyo kazi.

Chakula cha mchana nitakipitia haraka kwa sababu bado nakasirika. Jiko la soseji lililo kando ya daraja ni la kale na sina ugomvi nalo, watu wanapika walichozoea kupika. Lakini soseji zile ni za nguruwe, na mji mzima unajua. Kwenye fomu yenu tumeandika "Waislamu" kwa herufi kubwa. Mama alikula mkate na kabichi chachu, akasema Alhamdulillahi. Mimi sikusema hivyo.

Cha kuuma ni kwamba mama aliupenda mji. Vile vichochoro vyembamba na nyumba za minara walizojengeana matajiri wa zamani kwa kushindana vilimkumbusha kwao Malindi, Unguja. Nilimwambia Regensburg uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Akauliza, "Na Mji Mkongwe?" Nikamjibu 2000. Akasema, "Basi tumewatangulia." Nilipomsomea kwamba jeshi la msalaba la Kaizari Friedrich Barbarossa, lililokwenda kupigana na Waislamu, lilikusanyika hapo mwaka 1189, alisimama katikati ya daraja akacheka: "Kumbe ndiko walikotokea!" Huyo ndiye mwanamke ambaye saa mbili baadaye mlimwacha kama kapu lililosahauliwa stendi.

Sasa narudia habari ya gatini. Narudia kwa sababu ofisa wenu wa huduma kwa wateja amenijibu kwa WhatsApp kwamba "mteja alisubiri sehemu salama akiwa na taarifa kamili", akaweka na vile viganja viwili vya kuomba msamaha. Taarifa kamili ipi? Mimi sikuyajua haya mpaka usiku, ndani ya treni ya kurudi München, mama alipoanza kusimulia taratibu huku anatazama dirishani.

Nilipokwenda chooni, muongozaji alimwinamia mama akamwambia: "Bibi, binti yako kasema umngoje hapa, tunarudi sasa hivi." Binti yako kasema. Mimi! Alitumia jina langu kumkalisha mama yangu benchini, kisha akatumia jina la mama kunipandisha melini. Mama hakushangaa, maana mwanawe hawezi kumtupa. Akakaa. Benchi lilikuwa limelowa. Akaiona meli inaondoka, akadhani ni nyingine. Simu yake nilikuwa nayo mimi, inachaji kwenye mkoba wangu. Dawa zake za presha, za saa tisa, zilikuwa kwenye mkoba huohuo. Sarafu zote nilikuwa nazo mimi, na vyoo vya pale vinataka sarafu. Mengine yaliyompata mama sitayaandika kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa makarani.

Kutoka hapo hadi Walhalla ni kama dakika arobaini na tano. Kule meli inangoja, halafu inarudi kwa kupanda mkondo. "Sasa hivi" yenu ilikuwa muda wa masaa matatu kamili. Mbele yake mto una nguvu, chini ya lile daraja maji yanazunguka na kufanya vizingia ambavyo hata manahodha wanaviheshimu, na mama aliogopa hata kusogea ukingoni kutazama kama tunakuja. Aliogopa kuondoka benchini tusije tukarudi tusimkute. Kijerumani hajui, Kiingereza hajui. Aliyemnusuru ni binti mmoja mwenye hijabu, nadhani Mturuki, aliyepita na mkoba wa shule. Mama alimwambia neno pekee alilojua litaeleweka, "Assalaamu alaykum," na yule mtoto akaitikia, akamshika mkono akampeleka chooni, akamnunulia chai, akakaa naye mpaka meli ilipotokea. Nilipofika nikamkuta anamfunika mabega kwa koti lake mwenyewe. Hakuchukua hata senti. Huyo ndiye aliyetoa huduma niliyowalipia nyinyi.

Nasahau kusema: kule Walhalla sikupanda hata ngazi moja. Nilimwomba muongozaji aniitie teksi nirudi mjini. Akasema teksi mteja hujilipia, na namba ya teksi yeye hana. Anaongoza watalii nchi ile na namba ya teksi hana! Nikakaa chini ya kilima na shali la mama mapajani saa nzima na zaidi, wenzangu wakipiga picha.

Na mama aliponiona nashuka melini, hakunigombeza. Alisema, "Si uliniambia ningoje, nikangoja."

Nilipokuwa naanza barua hii nilikusudia kudai euro 290, yaani gharama ya siku ile kwa watu wawili, na barua ya kuomba radhi. Ofisa wenu kanitangulia kwa kunipa "punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo". Safari ijayo ipi? Mnataka nimlete tena mumwache wapi? Kwa hiyo sasa nadai euro 290 zote pamoja na nauli ya treni, zilipwe kwenye akaunti niliyolipia, na si kwa vocha. Nataka pia sentensi ile ya "taarifa kamili" ifutwe kwenye kumbukumbu zenu kwa maandishi na nipewe nakala, kwa sababu ni uongo.

Na kwa kuwa nimeandika mpaka hapa na mkono bado unatetemeka, nasema na hili. Muongozaji yule asikabidhiwe mzee mwingine yeyote. Kama bado yuko kazini siku kumi na nne baada ya leo, sitadai tena siku moja, nitadai safari nzima ya siku nane, na sitaidai ofisini kwenu. Nitaipeleka Tume ya Ushindani, na kwa wanaowapa leseni ya biashara ya utalii, nikiwa na kipeperushi, fomu, risiti, ujumbe wa WhatsApp wa ofisa wenu na sauti za wasafiri wawili waliokubali kurekodiwa. Mpwa wangu ni wakili. Nimemzuia kwa wiki moja. Sina hakika kama nitamzuia ya pili.

Jambo jingine mnalijua, ila huenda hamjaliunganisha. Akina mama kumi na mmoja wa kikundi chetu cha Ilala wameshaweka kwenu malipo ya awali ya safari ya mwezi wa tano. Wengi wao wana umri wa mama yangu au zaidi. Ijumaa hii tunakutana, na nimeombwa nieleze safari yetu ilikuwaje. Nitaisoma barua hii yote, neno kwa neno. Mkijibu kabla ya Ijumaa, nitasoma na jibu lenu.

Kuhusu kuomba radhi: msiniandikie mimi. Muongozaji mwenyewe ampigie mama, amwambie kwa kinywa chake kwamba mimi sikusema angoje. Apige baada ya alasiri, kabla ya hapo huwa amelala. Namba yake mnayo, iko kwenye ule ukurasa wa wazee, kwenye nafasi ya "mtu wa kupigiwa endapo kutatokea dharura" niliyoijaza kwa bahati mbaya kwa namba yake badala ya yangu, na ambayo hakuna aliyeipiga.

Mteja wenu,
Binti yake.

Nakala: Akina mama kumi na mmoja, Ilala.